Bolti iliyogoma na spana ya kugonga

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi kwenye mradi wa barabara nilikata bolti ya sproketi ya ekskaveta, na tangu siku ile kila ninapoona mtu anavika bomba kwenye mkono wa spana, moyo wangu hushtuka. Ilikuwa mashine ya tani 20, na sproketi yake, yaani lile gurudumu la meno linalozungusha mnyororo, ilikuwa imekwisha meno hadi mnyororo unaruka. Bolti zilikuwa za milimita 20, zimechapwa alama ya ugumu 10.9 kichwani, zimepakwa gundi ya kuzuia kulegea, kisha zimekaa katika tope jekundu misimu kadhaa ya mvua. Kompresa ya kambini ilikuwa mbovu, kwa hiyo bunduki ya upepo ya kufungulia nati ilibaki stoo. Tukachukua bomba la maji la mita moja na nusu, tukalivika kwenye mkono wa spana, nami nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Nilisikia mlio mkavu, nikajikuta nimekaa chini, kichwa cha bolti kimebaki ndani ya boksi, yaani kile kikombe cha spana kinachovishwa kwenye kichwa cha bolti, na mwili wake wote umebaki ndani ya kitovu cha mota ya mnyororo. Kukitoa kile kipande, kwa kulehemu nati juu yake mara tatu na hatimaye kukitoboa kwa drili taratibu, kulitumaliza karibu siku nzima.

Fundi mkuu wetu hakugomba. Alikwenda kwenye sanduku lake akarudi na spana nene ya pete, saizi 30, yenye mkono mfupi ambao mwisho wake umetengenezwa kama kibonge cha chuma cha kupokea nyundo. Wengine huiita spana ya kugonga, wengine spana ya nyundo. Nilikuwa nimeiona sandukuni mara nyingi nikidhani ni spana ya kawaida iliyokatwa mkono na mtu mwenye hasira.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu, kwa sababu sikuamini kwamba kamkono ka sentimita 25 kanaweza kushinda bomba la mita moja na nusu. Mtu wa kilo 70 akining'inia mwisho wa bomba lile anatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa takriban Nm (nyutoni-mita) 1,000, ambao ni karibu mara mbili ya ule ambao bolti ya aina hiyo hukazwa nao. Sasa chukua nyundo ya kilo 4 inayofika kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde: inabeba jouli 50. Ikisimama ndani ya milimita 5 tu, nguvu yake ya wastani ni nyutoni 10,000, na kwa mkono wa sentimita 25 huo ni msokoto wa Nm 2,500. Si wote unaofika kwenye bolti, kwa maana spana yenyewe hujikunja kidogo na kumeza sehemu yake, lakini hata nusu yake inapita kile kilichonikatia bolti.

Msomaji makini atauliza kwa nini basi nguvu kubwa zaidi isikate bolti haraka zaidi. Jibu liko kwenye muda. Bomba linasokota bolti mfululizo, kama mtu anayekamua nguo, na ikiwa nyuzi, yaani ile mikunjo ya skrubu ya bolti, zimeshikwa na kutu huku kichwa kimeanza kuzunguka, msokoto wote unaishia kwenye shingo ya bolti. Pigo la nyundo hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde: linatikisa, linapasua kutu na gundi kidogo, kisha linaachia kabla ya kuisokota bolti mbali. Ikumbukwe pia kwamba katika bolti iliyokazwa, takriban asilimia 90 ya msokoto huliwa na msuguano wa chini ya kichwa na wa nyuzi, na ni sehemu ndogo tu inayoivuta bolti yenyewe. Adui wetu ni msuguano, na msuguano hauvumilii mtikisiko.

Alichonifundisha mzee yule kilianza mbali na nyundo. Tulisugua kila bolti kwa brashi ya waya, tukapaka mafuta ya kupenya kutu, tukaenda kula. Tuliporudi alivika pete hadi ikakaa chini kabisa, akafunga kamba kwenye mkono wa spana na kunikabidhi ncha yake. "Kijana, vuta kamba ikaze, vidole vyako vibaki huko huko," aliniambia, kwa sababu spana hii ikiruka haichagui. Pigo la kwanza alilipiga kuelekea upande wa kukaza, jambo lililonishangaza, lakini ni dogo tu, la kuvunja kutu. Kisha akageuza spana, akapiga upande wa kufungua: mapigo matatu yenye mlio wa kengele, la nne likatoa mlio mzito uliokufa, naye akaacha kupiga. Bolti ilikuwa imesogea kama upana wa ukucha. Zilizobaki zote zilitoka namna hiyo.

Kuna kifaa kingine kinachouzwa madukani kama mwenza wa spana hii, nacho kinastahili neno. Ni kile kisanduku cha gia chenye mpini wa kuzungusha, ambacho madereva wa malori hubeba kwa ajili ya nati za magurudumu. Ni kizuri, lakini hakigongi chochote. Kinazidisha tu msokoto wa mkono kwa gia, na mguu wake huegemea nati ya jirani. Chenye uwiano wa 1 kwa 58 kinakudai mizunguko 58 ya mpini ili nati izunguke mara moja, kwa hiyo kitumie kuilegeza tu, kisha malizia kwa spana ya kawaida. Na kwa kuwa kinasokota mfululizo kama bomba, kinaweza kukata stadi, yaani bolti ya gurudumu inayobeba nati, bila wewe kuhisi lolote mkononi, hasa kwenye malori ya zamani ya Kijapani ambayo nati za upande wa kushoto hufunguka kinyume. Utingo asiyelijua hilo huwa anakaza kwa bidii huku akiilaani kutu.

Moto wa gesi ninautumia kwa shingo upande. Bolti ya 10.9 iliyopata wekundu imepoteza ugumu wake na haifai kurudishwa, sili za kuzuia mafuta kuvuja zilizo karibu huungua, na gurudumu lenye upepo halipashwi moto kamwe, kwani tairi linaweza kulipuka na kuua.

Spana ya kugonga nayo ina masharti yake. Boksi za kung'aa za kawaida hazikutengenezwa kwa mapigo na zinaweza kupasuka vipande. Zile nyeusi nene ndizo za kazi hiyo. Uso wa nyundo uliomeguka huachwa, na miwani huvaliwa hata kama bolti ni moja.

Tulipofunga sproketi mpya, tulisafisha matundu kwa tapu, kile kifaa cha kuchonga nyuzi ndani ya tundu, tukaweka bolti mpya na gundi mpya, nami nikainyanyua ile spana fupi nikidhani kazi yake inaendelea. Mzee aliichukua mkononi mwangu akairudisha sandukuni, akanipa spana ya kupimia msokoto, kwa sababu nyundo haina namna ya kukuambia umefika Nm ngapi.