Siku moja maishani mwangu: kupima joto chini ya boneti, Tabora

Saa 12 na nusu asubuhi nilifungua gereji hapa Isevya. Kufagia, kusogeza magari yaliyolala ndani, mwangaluka kwa majirani, chai na chapati. Hayo yanajulikana.

Saa 1 ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi. Mimi ni fundi umeme wa magari, na gari la tabo, ile pampu inayobana hewa na kuisukuma kwenye injini, likiwa na malalamiko ya joto huletwa kwangu. Kabla ya gari, nakagua vipimo: nyaya nne nyembamba za kupimia joto zinazoingia kwenye kisomeo kimoja. Kijana ninayemfundisha alikwenda kwa mama anayeuza barafu, tukaiponda, tukaichanganya na maji na kutumbukiza ncha za nyaya. Lazima zisome 0. Kisha tukazihamishia kwenye birika linalochemka. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Asiyejua hilo atakitupa kipimo kisicho na kosa.

Saa 3 iliingia Subaru Forester ya tabo. Mwenyewe ni mzee mfanyabiashara anayekwenda Urambo kila mara. Shikamoo, marahaba, halafu akafungua buti: mna tabo iliyotumika, ameshainunua. Gereji nyingine ilimwambia ya kwake imekufa, kwa sababu asubuhi gari linaruka na mchana halivuti.

"Fundi, funga hii. Saa 6 niwe njiani."

Nikamwambia, mzee wangu, tabo iliyokufa haichagui saa. Tupime joto kwanza. Hakupenda.

Nikachomeka mashine kwenye kompyuta ya gari. Joto la hewa inayoingia: nyuzi 38. Mzee akaliona kwenye kioo, akasema si unaona, hewa haina tatizo. Hapo ndipo watu hupotea. Kwenye gari hili sensa ya joto la hewa imo pamoja na ile inayopima kiasi cha hewa, jirani na eya klina, lile chujio la hewa, yaani kabla ya tabo. Inasoma hewa ambayo bado haijabanwa. Tabo ikibana hewa ya nyuzi 33 hadi msukumo ukaribie mara mbili, hewa hiyo hutoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Intakula ipo ili kuipoza kabla haijaingia kwenye injini. Ukitaka kujua kama inapoza, weka waya wako baada yake.

Nikaweka waya mmoja kwenye mdomo wa eya klina, wa pili ndani ya bomba linalotoka intakula na kuuziba vizuri hewa isivuje, wa tatu juu ya intakula, wa nne kwenye fungu la nyaya za umeme jirani na tabo. Boneti ikafungwa, injini silensa, yaani inanguruma gari likiwa limesimama. Kipimo cha boneti iliyo wazi hakina maana, maana gari haliendi Urambo boneti ikiwa wazi. Mzee akainuka, akaifungua. "Acha ipoe kidogo." Nikaifunga, tukaanza upya. Nikageuka kuandika kwenye daftari, nikasikia boneti inafunguliwa tena. Nilimweleza kwa adabu, nikamwekea kiti kivulini, nikamwomba kijana akae naye. Ilipofika saa 5 na nusu ndipo tukatoka barabarani, mzee kiti cha nyuma, anapiga simu na kumwambia kila mtu kwamba fundi anazunguka na gari lake bila kushika spana.

Kwenye kivuko cha reli tukasimamishwa na treni. Jua la Oktoba, gari silensa, na ule waya wa pili ukapanda: 52, 60, 71. Mpaka hapo sikuwa na wasiwasi. Intakula ya Forester hulala juu ya injini na hupata upepo kupitia tundu la boneti. Gari likisimama, upepo hakuna, joto la injini linapanda lote. Lakini tuliposhika barabara ya Nzega kwa kilomita 80 kwa saa, ilipaswa ishuke. Ikagoma kwenye 66, huku eya klina ikisoma 36. Upepo ulikuwa unaingia kwenye tundu bila kupita kwenye intakula.

Tuliporudi nikaona. Mpira unaozunguka intakula na kukutana na boneti haupo. Bati la kukinga joto la tabo nalo halipo. Aliyefungua mwisho hakulirudisha. Waya wa nne ulikuwa umefika 112, nyaya za umeme zimeanza kukakamaa. Nikamweleza mzee: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, hewa inapungua uzito kwa kama asilimia 3, na injini ikianza kugonga, kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, inarudisha taimingi nyuma, cheche zinachelewa, ili injini isijiue. Nguvu yako inapotelea hapo.

Kisha kusubiri tabo ipoe, mzee akiuliza tunasubiri nini. Kijana akazunguka kwa wauza spea za mtumba, akapata bati, na mpira wa mlango wa gari tukaukata kwa kipimo. Nilikuwa sijala, mgongo unauma, vumbi limenijaa machoni, na saa sikuitazama tena. Tulipita barabara ileile jua likiwa bado kali: baada ya intakula, 47. Mzee alishika usukani mwenyewe, akakanyaga mafuta, na simu akaiweka mfukoni.

Mpira na bati alilipa bila neno. Kupima akataka nipunguze elfu 20, maana ni "nyaya tu zilizounganishwa." Nikamweleza kwamba ni metali mbili tofauti zilizounganishwa ncha, zikipata joto zinatoa umeme mdogo sana, kama volti 41 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, jambo alilolibaini Mjerumani Thomas Seebeck mwaka 1821. Nikamfungulia daftari, ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada, kisha nikamwonyesha tabo iliyomo butini, nikamuuliza aliinunua kwa bei gani.

Sikupunguza. Alilipa, akaniomba nimwandikie namba zile kwenye karatasi awaonyeshe waliomuuzia tabo, airudishe.