Sifuri yenye njaa

Mwaka 2011 nilikuwa najiita fundi mabango, ila fundi hasa ilikuwa kompyuta. Mimi kazi yangu ni kuchapa maneno, mashine inakata stika, nabandika. Ukifika mgao wa umeme, na mwaka ule Dar mgao ulikuwa mgao kweli, nakaa mlangoni nacheza bao.

Novemba mteja akaniletea bati la futi 8. Alitaka liandikwe MIAKA 50 YA UHURU, kabla ya Desemba 9. Pesa ya kutangulizia nilishaila, umeme hakuna. Jumapili nikalibeba bati mpaka chini ya mwembe kule Temeke, walikokuwa wakikutana wachoraji wa brashi.

Nilikuta watu kama tisa, makopo ya rangi ya mafuta yametapakaa, harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, imeshinda ya mihogo ya kukaanga iliyokuwa ikizungushwa kwenye gazeti. Walinicheka wee! "Kijana wa stika leo umekuja kwa wazee?" Mzee mmoja, aliyekuwa akiandika majina ya maduka tangu sijazaliwa, akanipa uzi uliopakwa chaki. Tukauvuta, tukaupiga batini, mistari miwili ikatokea. Akanipa na fimbo yenye kitambaa nchani, ya kuegemezea mkono usitetemeke.

Nilipima kila herufi kwa rula, nikaandika, nikajisifu. Mzee akaniambia nirudi nyuma hatua kumi.

Mh! M na I zimebanana kama abiria wa daladala, A imejitenga kama imenuna. Sifuri, ambayo imegusa mistari ile ile iliyoguswa na K, inaonekana fupi.

"Sifuri yako ina njaa," akasema. "Ivushe mstari kidogo, juu na chini."

Kisha akalipindua bati miguu juu, kichwa chini. Maneno yakawa hayasomeki tena, macho yakabaki na mapengo tu, na mapengo yangu yalikuwa aibu. Nikafuta kwa tina mara tatu. Ile 5 sitaki hata kuisimulia.

Jua lilizama wenzangu wameshamaliza kazi zao, lakini hakuna aliyeondoka. Mmoja alinishikia kopo, mwingine alinimulikia kwa simu, wa tatu kazi yake ilikuwa kunitania tu.

Usiku tukalisindikiza bati kwenye mkokoteni, rangi bado mbichi. Mzee alikuwa akiwasomea wapita njia kwa sauti, herufi moja moja. Akifika kwenye sifuri ananigeukia: "Hii imeshiba."