Italia kwa siku kumi, na doti moja ya kanga

Kabla sijaondoka Dar es Salaam, kila aliyewahi kukanyaga Ulaya alikuwa na la kunishauri. Binamu yangu aishiye Milano ndiye aliyeniponza: "Dada, usihangaike na tiketi za makumbusho, utazipata mlangoni." Nilimwamini, nikasahau kwamba mwenyeji ndiye asiyeyajua makumbusho ya kwao, kama mimi nilivyofika umri huu bila kuingia Makumbusho ya Taifa.

Nilifika Firenze (Florence) Jumapili usiku, na Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa wa kwanza kwenye lango la Uffizi, makumbusho ya sanaa. Nilijipongeza kwa kuiwahi foleni. Ilipotimia saa mbili na nusu nikiwa bado peke yangu, mfagiaji mmoja alinionea huruma, akanionyesha kibao: Jumatatu hapafunguliwi. Nilikimbilia makumbusho ya Accademia, inakokaa sanamu ya Daudi ya Michelangelo, nako pia Jumatatu ni mapumziko. Nikaishia kwenye uwanja wa Piazza della Signoria, kuitazama nakala iliyosimama pale alipokuwa Daudi wa asili hadi 1873.

Usiku ule nilinunua tiketi ya Accademia kwa simu, euro ishirini na kitu, na nafasi ya karibu ilikuwa Jumatano jioni. Jumanne nikapanda treni kwenda Siena, katikati ya vilima vya mizabibu na mizeituni. Tiketi ya karatasi niligonga kwanza kwenye kimashine cha kituoni, maana asiyegonga hutozwa faini. Na kahawa, tafadhali, inywe umesimama kaunta, kwa kuwa ukikaa mezani bei hupanda.

Daudi mwenyewe, aliyechongwa kati ya 1501 na 1504, ana urefu unaozidi mita 5. Mkono wake wa kulia ni mkubwa kuliko mwili unavyostahili, na mishipa imetokeza mgongoni mwa kiganja kama ya mvuvi aliyetoka kuvuta juya. Nilikaa mbele ya mkono huo karibu saa nzima.

Ujanja wangu ulionekana Roma. Katika Kanisa la Mtakatifu Petro kiingilio ni bure, ila mabega na magoti sharti yafunikwe, na mimi nilikuwa na gauni lisilo na mikono. Nilitoa doti yangu ya kanga mkobani, upande mmoja nikajitanda, na upande wa pili nikamwazima binti wa kigeni aliyerudishwa mlangoni kwa sababu ya kaptula. Akajifunga kiunoni, akaingia huku maneno "Usisafirie nyota ya mwenzio" yamemkaa sawasawa makalioni. Tulipotoka aliing'ang'ania, akanipa euro 20, nami bila haya nikazipokea, zikalipia chakula cha usiku. Upande uliobaki uko kabatini, na hadi leo mama ananiuliza mwenzake uko wapi.