Seva zilizonyimwa ufunguo

Wiki hii imetawaliwa na hitilafu iliyojitokeza ofisini tulipoanza kuwahamisha watumishi kutoka Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kuwapeleka kwenye mashine pepe za Windows 11, yaani kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya seva. Mfumo wetu hauna la ajabu: ni klasta, yaani kundi, ya seva zenye ESXi, programu inayoendesha mashine pepe, zinazosimamiwa kwa pamoja na programu ya vCenter, na juu yake programu ya Horizon inayozalisha mashine za watumishi kutokana na kiolezo kimoja. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine pepe, isiyo na chipu ya kushikika, hupewa ya programu. Chipu hiyo ya programu haikubali kuwekwa mpaka mafaili ya mashine yasimbwe, yaani yageuzwe yasisomeke na asiyeruhusiwa, na hayasimbwi bila ufunguo.

Kilichotuchosha ni kwamba hitilafu ilikuja na kuondoka. Mashine moja ilizalishwa salama na mwenyewe akaanza kazi, nyingine ya kiolezo hichohicho ikakwama, na ujumbe ukaishia kusema kwamba imeshindwa kuwashwa. Kila fundi alivutia upande wake: wa mtandao alishuku ugawaji wa anwani, wa hifadhi alishuku diski, na mwenzangu wa zamu alitaka kiolezo kijengwe upya, ingawa sikuona vipi kiolezo kibovu kingeweza kuzaa mashine nzima asubuhi ileile. Niliomba orodha ya zilizokwama ipangwe kwa jina la seva badala ya saa. Ilipopangwa hivyo, ubishi uliisha, kwa sababu zote zilikuwa zimepangiwa seva zilezile chache, nyingi zikiwa za zamani.

Tangu vSphere 7.0 Update 2, toleo la mfumo unaojumuisha ESXi na vCenter lililotoka mwaka 2021, vCenter inaweza kutoa ufunguo yenyewe, bila seva ya pembeni ya kutunza funguo. Hutengeneza ufunguo mmoja mama na kuusambaza kwa seva za klasta, kisha kila seva huzalisha kutokana nao funguo inazozihitaji. Ndiyo maana mashine zilizosimbwa huendelea kufanya kazi hata vCenter inapozimika. Lakini anayemwandaa mtoa ufunguo huyo, yaani huduma hiyo ya vCenter, hukutana na kisanduku kidogo, ambacho huwa tayari kimewekwa tiki, kinachoelekeza kwamba ufunguo upelekwe tu kwa seva zenye chipu halisi ya TPM. Tiki hiyo ilikuwa imeachwa ilivyo, na seva zetu za zamani zilinunuliwa bila chipu.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na sishangai. Chipu ya programu iliyo ndani ya mashine pepe haihitaji chipu halisi kwenye seva. Sharti hilo lilitokana na kisanduku pekee. Kulikuwa pia na seva mpya moja iliyotuhangaisha zaidi kwa kuwa chipu ilikuwamo, ila ilikuwa imezimwa kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya msingi inayoiwasha seva, na hakuna aliyefikiri kuchungulia huko.

Njia ya mkato ilikuwa kuandaa mtoa ufunguo asiye na sharti hilo. Niliipinga, maana ufunguo unaotunzwa ndani ya chipu ni mgumu zaidi kuibwa pamoja na seva. Tukaiwasha chipu ya ile seva mpya, na seva za zamani tukazitenga katika klasta ya pili, zibaki na mashine za Linux zisizohitaji ufunguo. Gharama yake ni kwamba nafasi ya Windows 11 imepungua, na maombi ya seva nyingine yako mezani kwa wakubwa.

Jambo ambalo bado linanishughulisha ni nakala rudufu. Mfumo hukataa kuutumia ufunguo mama kabla haujahifadhiwa kwenye faili, na ukali huo naukubali kwa moyo wote, lakini nenosiri la kulilinda faili hilo limeachwa kuwa hiari, jambo ambalo silielewi. Faili letu lina nenosiri, ila nililikuta kwenye seva ya mafaili ambayo yenyewe ni mashine pepe iliyosimbwa, yaani ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku linalofunguliwa na ufunguo huohuo. Sasa faili liko kwenye diski mbili za nje zilizo katika majengo tofauti, na nenosiri linatunzwa na mtu asiye na ruhusa ya kuzigusa diski hizo. Jaribio la kuurejesha ufunguo kwenye vCenter ya majaribio litafanyika kabla ya kuihamisha idara ya uhasibu, na nimeomba lifanywe na fundi ambaye hakushiriki kuuandaa, akiwa na maelekezo tuliyoyaandika na si zaidi.