Rangi Yangu Haisemi Tabia Yangu

Juzi kwenye zamu ya usiku msimamizi aliniita pembeni. Mzee mmoja wa hapa tunapolea wazee, Birmingham, Uingereza, alikataa nisimwogeshe. Nilimwitikia kwa upole, nikamwambia nitarudi. Msimamizi akaniambia watu wa complexion yangu, yaani rangi yangu ya ngozi, huonekana wakali, nijitahidi kutabasamu. Mgongo unaniuma kwa kuinua watu usiku kucha, halafu ukali wangu usomwe kwenye ngozi!

Mliokuja kwa kazi hizi, sikieni. Visa yako imefungwa kwa mwajiri, kwa hiyo utaogopa kusema. Andika tarehe, saa, maneno yaliyotamkwa na aliyekuwepo. Jiunge na chama cha wafanyakazi mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Neno lenyewe limeniudhi zaidi nilipojua lilikotoka. Complexion halikuwa neno la ngozi. Kwa Kilatini ni kitu kilichosukwa pamoja, na matabibu wa Ulaya ya kale waliita hivyo mchanganyiko wa joto, baridi, ukavu na unyevu ndani ya mtu, pamoja na damu, makohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Elimu hiyo ya Galen, tabibu Mgiriki wa kale, ilikuzwa na matabibu wa Kiislamu kina Ibn Sina, waliouita mchanganyiko huo mizaj. Vitabu vyao vilipotafsiriwa kwa Kilatini, mizaj ikawa complexio. Mtu wa Pwani analielewa hili upesi, maana bibi zetu hadi leo wanatenga vyakula vya moto na vya baridi. Complexion yako ilikuwa tabia yako. Tabibu aliangalia rangi ya uso ili akisie yaliyomo ndani. Karne zikapita, yaliyomo ndani yakasahaulika, neno likabaki kwenye ngozi. Msimamizi wangu kazirudisha zote mbili, rangi na tabia, kwa mkupuo, tena kwa dharau.

Miaka ya 1590 ngozi ilikuwa tayari imelitwaa neno. Katika ule mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kuwa Mabepari wa Venisi, Mwanamfalme wa Moroko anamwomba Portia, binti anayemposa, asimchukie kwa complexion yake. Portia anamjibu kwa adabu. Ili amwoe, mposaji lazima achague kasha sahihi kati ya matatu; jamaa akichagua lisilo lake na kuondoka, Portia anaomba wote wa complexion ile wachague vivyo hivyo. Huyo ndiye binti anayesifiwa kwa hekima na huruma. Watoto wetu wakiusoma mchezo huo shule za huku, kaeni nao mezani muwasomeshe mstari huo.