Pointi 12 England na Wales: leseni inavyofungiwa, na inavyorudi

Dereva wengi wanaofungiwa leseni hapa hawajawahi kugongana na mtu. Wamekusanya makosa madogo, kila moja likiandikiwa pointi za adhabu kwenye leseni, na bahasha za barua kuhusu makosa hayo zikakaa mezani bila kufunguliwa. Mwendo kasi ni pointi 3 hadi 6. Kupita taa nyekundu ni 3. Kushika simu ukiendesha ni 6 na faini ya pauni 200, kuendesha bila bima ni 6 na pauni 300. Zikifika 12 kwa makosa yaliyotendeka ndani ya miaka 3 (inahesabiwa siku ya kosa, si siku ya hukumu), mahakama inakufungia angalau miezi 6.

Waliotoka Kenya na Tanzania wana mtego wao. Leseni ya nyumbani unaiendeshea miezi 12 tu tangu uhamie, kisha lazima ufanye mtihani wa hapa. Ukifaulu, hata kama umeendesha lori la Mombasa–Kampala miaka 20, kwa miaka 2 unahesabiwa dereva mpya. Pointi 6 katika muda huo zinatosha DVLA (idara ya serikali inayotoa leseni) kuifuta leseni yenyewe, bila hakimu. Unarudi kwenye lena (leseni ya mwanafunzi), mtihani wa nadharia na wa barabarani, na zile pointi bado zipo. Kwa anayefanya kazi za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), anayezunguka nyumba kwa nyumba na gari lake, simu moja tu mkononi inaweza kumwondolea kazi.

Sasa zile barua. Ya kwanza, kutoka polisi, inamtaka mwenye gari ataje nani alikuwa akiendesha, ndani ya siku 28. Jibu, hata kama unalipinga kosa. Usipojibu, hilo ni kosa jingine lenye pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000, wakati mwendo kasi wenyewe labda ungekuwa pointi 3, au darasa la mwendo, yaani somo la usalama badala ya adhabu, ambalo halina pointi kabisa. (Kwenye barabara yenye kikomo cha maili 30 kwa saa, darasa kwa kawaida hutolewa kwa aliyekamatwa kati ya 35 na 42, mara moja katika miaka 3.) Barua inakwenda kwenye anwani iliyo kwenye kadi ya gari. Ukihama nyumba, badilisha kadi ya gari na leseni. Ni vitu viwili tofauti. Ukigundua umeshahukumiwa bila habari, una siku 21 tangu ulipojua kwenda kula kiapo mbele ya wakili au mahakamani kwamba hukujua kuna kesi. Hukumu inaondolewa, kesi inaanza upya.

Ukiitwa mahakamani kwa pointi 12, usiende na gari lako. Marufuku inaanza pale pale hakimu anapotamka, na hutaruhusiwa kuliendesha kurudi nyumbani.

Kinga iliyobaki ni kuonyesha kwamba kufungiwa kutaleta dhiki isiyo ya kawaida. Hapa wengi huanguka, kwa sababu wanaeleza usumbufu wao wenyewe. Hata kupoteza kazi peke yake mara nyingi hakutoshi. Mahakimu wanapima zaidi watakaoumia bila kosa: mtoto mgonjwa anayepelekwa kliniki, mzazi anayekutegemea, wafanyakazi wako. Utatoa ushahidi kwa kiapo, basi uje na barua ya mwajiri inayosema wazi kwamba kazi itakwisha, taarifa za benki, mkataba wa pango, barua ya daktari na ratiba ya mabasi. Utaulizwa kwa nini usipande basi au teksi, kwa nini mwenzi wako asiendeshe. Ukikubaliwa, pointi zinabaki, na sababu ile ile huwezi kuitumia tena kwa miaka 3.

Ukifungiwa, leseni ya Nairobi au Dar haikukingi. Ukikamatwa unaendesha unaweza kufungwa hadi miezi 6, na bima haipo.

Pointi zilizokufikisha 12 hazihesabiwi tena baada ya marufuku hiyo. Leseni lakini hairudi yenyewe: marufuku ya siku 56 au zaidi inakudai uombe upya. DVLA hutuma fomu ya kuomba leseni, D27, siku 56 kabla ya mwisho wa marufuku. Isipofika, chukua fomu D1 posta. Kampuni za bima kwa kawaida huuliza kuhusu hukumu za miaka 5 iliyopita, kwa hiyo omba bei kwao kabla ya kulipia gari.