Karatasi moja tu

Leo kumbukumbu imenirudisha Kharkiv, Ukraine, Oktoba 26, 2014. Nilikuwa mwanafunzi, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Usiku ule saa zilirudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, basi bibi kaamka kabla hata hakujapambazuka, kajitanda skafu yake ya maua, akanitaka nimsindikize akapige kura ya wabunge. Mimi kura sina, nina miguu tu.

Kituo kilikuwa shule ya jirani. Masanduku ya kura unaona mpaka ndani, na karatasi ya vyama, jamani, ndefu kama mkeka: vyama 29! Bibi akapewa mbili, ya chama na ya mbunge wa jimbo. Mpwa wake, aliyekimbia vita Donetsk na begi moja, akapewa ya chama peke yake. Jimbo lake lilikuwa mikononi mwa waasi. Aliigeuza ile karatasi akatazama nyuma, kana kwamba ya pili imejificha huko, kisha akaikunja polepole.

Bunge lao lina viti 450. Siku ile vilijazwa 423. Vya Crimea, rasi iliyotwaliwa na Urusi mwaka ule, 12, na vya Donbas, eneo la mashariki lenye Donetsk, 15, vikabaki wazi. Waasi wa Donbas waliojitenga wakaitisha uchaguzi wao Novemba 2.

Kurudi nyumbani bibi alinunua mikate ya kabichi, bado ya moto. Mpwa hakula. Alishinda dirishani na simu, akimtafuta mama yake Donetsk, haipatikani.